Kopo Moja Mezani

Bakken Coulee, Montana
Mwishoni mwa Novemba

Kwako mdogo wangu mpendwa, Mchungaji Orrin,

Kasi ya risasi ni umbali ambao risasi ingeusafiri katika sekunde moja lau ingeendelea kwenda kama inavyokwenda hatua chache mbele ya mdomo wa mtutu. Ni hilo tu. Kasi si nguvu, si shabaha, wala si sifa ya mtu aliyeijaza risasi hiyo. Ni alama inayoachwa nje na jambo lililotokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki: shinikizo la baruti inayoungua ndani ya chemba ya bunduki. Shinikizo hatulioni. Twaipima kasi, kisha twakisia kilichoizaa.

Nimeanza na fasili kabla ya salamu, na najua umetabasamu, kwa kuwa marehemu mama alikuwa akisema kwamba mimi nikiulizwa habari za asubuhi huuliza kwanza asubuhi inaanzia wapi. Sasa pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hunung'unika theluji inapokaribia, na theluji imekwisha kufika. Paa la banda la baba lilivuja Oktoba; nimeliziba. Natumaini mafua ya mkeo Beverly yamekwisha, na kwamba ziwa halijaanza kuwatesa kwa upepo wake.

Barua yako nimeipata na kuisoma zaidi ya mara moja. Umeniandikia kwamba uliwasimulia waumini wako huko Duluth habari za dada yako aliyemwonya adui yake. Ukamfananisha na mlinzi apigaye baragumu mnarani, ambaye akishaipiga, damu ya asiyesikia haidaiwi mikononi mwake. Unasema watu walifuta machozi. Unaomba ruhusa uisimulie tena Krismasi, safari hii kwa jina langu, na uichapishe katika jarida la kanisa. Kwa kuwa wewe hutaki kusema madhabahuni lisilo kweli, na mimi sitaki liwe limesemwa kwa jina langu, nakuandikia jambo zima kwa mpangilio wake.

Kisa cha baba unakijua kwa juu juu, kwani ulikuwa mbali kilipotokea. Unaikumbuka kanuni yake aliyoichonga kwa kisu kwenye ukingo wa meza ya bandani: kopo moja mezani. Mtu anayejijazia risasi anaweza kuwa na makopo kumi ya baruti rafuni, lakini mezani huwa moja tu, na baruti inayobaki ndani ya kipimio hurudishwa katika kopo lilelile kabla kopo lingine halijaguswa. Sababu yake haina ushairi. Baruti iunguayo haraka na baruti iunguayo polepole zinafanana kama punje za ulezi: vijiti vyeusi, vifupi, kama ncha za penseli zilizokatwakatwa. Zikichanganyika, hapana malaika awezaye kuzitenganisha. Na ya haraka ikiingia penye kiasi cha ya polepole, shinikizo hupanda kuliko chuma kinavyoweza kustahimili.

Mwaka ule baruti iliadimika madukani, wanaume wakawa wanagawiana kama wanavyogawiana mbegu. Duane Stroup, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alimletea baba kopo. Mama alikuwapo na alinisimulia maneno yake. Duane alisema, "Mzee Halvor, nimekupunguzia ile ile unayoipenda. Usinilipe, nilipe kahawa ya mkeo Gudrun, maana ya mke wangu ni maji ya kuoshea vyombo." Wakacheka wote watatu. Baba akajaza risasi zake kutoka kopo hilo kwa uangalifu aliozaliwa nao, akapima kila punje kwenye mizani. Risasi ya tatu ikaipasua bunduki. Vidole vya mkono wa kushoto vilikwenda, na jicho la kulia.

Nilipokuwa naye hospitalini Great Falls, Duane alikuja nyumbani. Alimkuta mama peke yake, akamwambia kwamba bandani mna baruti isiyojulikana ni ipi, na baruti ya namna hiyo haikai ndani ya nyumba ya watu. Hilo ni kweli. Ndiyo desturi yetu sote. Baruti usiyoweza kuapia ni ipi huiuzi, humpi mtu, huirudishi rafuni. Huimwaga kwenye majani, na majani huifurahia kama mbolea. Basi Duane akabeba makopo yote ya baba, pamoja na lile alilomletea mwenyewe, akayamwaga kwenye nyasi mbele ya banda, akayapeleka makopo matupu jalalani kwa pikapu yake. Mama alimshukuru. Alimpa kahawa.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya chama cha walenga shabaha akasema, kwa huzuni ya kupendeza, "Mzee macho yamekwisha, jamani. Kachanganya makopo. Tutafika huko sote." Hakusema kopo lilitoka kwa nani. Wakamwomba baba ufunguo wa uwanja wa shabaha, aliokuwa akiutunza, kwa upole, kama anavyoombwa mzee leseni yake ya gari. Baba aliutoa bila kubishana. Aliporudi nyumbani aliketi jikoni, akaniambia neno moja ambalo hakulirudia tena mpaka alipofariki majira ya baridi ya pili: "Thea, mezani palikuwa na kopo moja."

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mbele ya banda palitokea kiraka cha nyasi za kijani kibichi, nzito, ndefu kuliko nyasi zote za ua. Nilikitazama kila asubuhi nikiosha vyombo. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu wote dhidi ya Duane Stroup: nyasi. Wahenga wanasema mwenye kovu usimdhani kapoa. Mimi sikupoa, Orrin. Nilikuwa nimestaafu kufundisha chuoni na kurudi kukaa katika nyumba ya wazazi wetu, na watu wakasema nimerudi kupumzika.

Nilijiunga na chama. Hukuniuliza kwa nini, nami sikukwambia. Sikujiunga kwa mapenzi ya shabaha. Nilinunua mashine nzuri ya kupimia kasi, bora kuliko yoyote waliyokuwa nayo, nikajitolea kuisoma siku za majaribio. Walinipokea kwa mzaha. Waliniita Profesa, na Lyle Petrik, mwenye duka la vifaa ambaye ndiye mwenyekiti, alinitengea kiti chenye mto. Nilikaa kwenye mto huo misimu mingi nikisoma tarakimu za wanaume, nikimsubiri mmoja.

Nilichokuwa nakisubiri nilikijua barabara, kwa sababu nilikwisha kumwona Duane akifanya kazi kwenye meza ya chama. Alikuwa akifungua makopo mawili kwa wakati mmoja. Alipomaliza, mabaki ya kipimio aliyarudisha katika kopo lililo karibu na mkono. Mara moja Lyle alimkodolea macho, naye akamcheka: "Tulia, Lyle! Baruti ni baruti. Zote zina mama mmoja." Siku hiyo nilielewa jinsi baba alivyoumizwa. Si kwa chuki, bali kwa mkono mvivu. Nikaelewa pia kwamba mkono huo haukuwa umejifunza kitu, na kwamba siku moja ungejaza makosa yake yenyewe ndani ya risasi zake yenyewe, na risasi hizo zingepita mbele ya mashine yangu. Niliapa kwamba siku hiyo ningelisoma kosa lake kwa sauti, mbele ya watu walewale waliochukua ufunguo wa baba. Sikuomba zaidi ya hilo. Natamani uamini hilo, ingawa siwezi kulithibitisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa. Swali la siku lilikuwa moja: je, baruti mpya aliyoileta Lyle dukani inaipita ya zamani kwa kasi, au inaipita kwa bei tu? Kila mtu alileta maboksi mawili, moja la baruti hii na moja la ile, yenye vichwa vya risasi vya namna moja. Asubuhi ilikuwa baridi, na baridi ndiyo mtihani wenyewe, kwa kuwa baruti ya zamani hupunguza mwendo zebaki inaposhuka. Matokeo yalikuwa ya kuridhisha kwa mtu anayependa matokeo. Baruti mpya iliipita ya zamani kwa futi mia na ushei kwa sekunde, na tarakimu zake zilikaa pamoja kama kondoo. Za zamani zilitawanyika kidogo. Vern Sather alilalamika kwamba bunduki yake haipendi kitu chochote kipya. Wenzake wakamwambia kwamba hiyo ni tabia ya mwenyewe, si ya bunduki, na kwamba hata mkewe alilazimika kumbembeleza miaka mitano ndipo akakubali kuivua kofia yake ya ujanani.

Kisha akaja Duane na boksi aliloliandika baruti ya zamani. Risasi tatu za kwanza zilikwenda kwa elfu mbili mia saba na kidogo, kama za wengine. Ya nne ikaruka ikafika elfu mbili mia nane sitini. Ya tano ikarudi chini. Ya sita ikaandika elfu mbili mia tisa arobaini na nane, na Duane alipotaka kufungua bunduki, komeo likagoma. Alilipiga kwa kiganja mara mbili ndipo likafunguka. Ganda lilianguka karibu na kiatu changu. Nililiokota. Fataki yake, kile kifuniko kidogo cha kitakoni kinachoiwasha baruti, ilikuwa imelala bapa kama senti iliyopitiwa na garimoshi.

Mtu mwingine yeyote pale angepauka. Duane alifurahi. Hili walio nje ya kazi hii hawalielewi: watu wetu wanaitamani kasi kiasi kwamba ikiwajia bila kuitolea jasho huidhani zawadi. Alirusha kofia hewani. "Mmeona hiyo? Ya zamani imeipiku mpya yenu! Lyle, rudisha makopo yako kiwandani, kawaambie Duane Stroup anajua kupika." Akachukua chaki akaiandika tarakimu ile ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.

Nami niliona shinikizo, kama ninavyoiona karatasi hii. Kopo lake la baruti ya polepole lilikuwa limerudishiwa baruti ya haraka. Haikuchanganyika sawasawa, ilikaa tabaka tabaka, ndiyo maana tarakimu ziliruka. Risasi ya sita haikuwa mbaya kuliko zote. Ilikuwa tu mbaya kuliko tano zilizoitangulia. Ndani ya boksi mlibaki nyingine kumi na nne, na risasi hizo ndizo alizokusudia kwenda nazo mlimani.

Lyle alikuwa amesimama pembeni yangu, naye alianza kushuku. Alisema polepole, "Duane, bwana, hebu hizo zilizobaki zing'oe vichwa kwanza." Alikuwa anataka kusogea. Nilimzuia kwa mkono. Nilisimama. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika viti vya nyuma, maneno haya, na nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeyatunga kwa muda mrefu:

"Duane, kasi hiyo si ya baruti uliyoiandika kwenye boksi. Umerudisha mabaki ya kipimio katika kopo lisilo lake, kama ulivyofanya katika kopo ulilomletea baba yangu. Humo mna risasi itakayoipasua bunduki yako na uso wako. Zing'oe zote, baruti ukaimwage kwenye majani. Na kwa kumwaga baruti kwenye majani wewe ni fundi. Sidhani kama unahitaji mwanamke akufundishe."

Vern aliangalia viatu vyake. Duane alibadilika rangi kuanzia shingoni. Kisha alicheka, akawageukia wenzake: "Jamani, Profesa na kimashine chake wamekunywa nini leo? Kinasoma mawingu hicho!" Baadhi wakacheka naye, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Akaniinamia na kusema, si kwa sauti kubwa, "Baba yako alikuwa haoni, mama. Nawe umerithi macho yake." Akafunika boksi, akalitia kwapani, akaondoka.

Mengine unayajua. Siku ya nne ya msimu, juu ya Kijito cha Wauaji Mbwamwitu, bunduki ilimpasukia. Wenzake walimshusha kwa farasi kwenye theluji. Jicho la kulia limekwenda. Kidole gumba cha kushoto kimekwenda na vingine viwili. Atapona, wanasema, kwa maana wanayoikusudia madaktari wakilitumia neno hilo.

Lakini hukujua yaliyofuata, kwani yametokea baada ya barua yako. Lyle alikwenda kumtazama hospitalini. Duane alimwambia, bila kuulizwa, kwamba Halvor Brekke hakukosea kitu. Kwamba kopo lilikuwa la Duane. Kwamba aliwahi kulishuku siku ileile ya ajali ya baba, na ndiyo sababu alikimbilia kulimwaga. Lyle aliyarudia maneno hayo mbele ya chama kizima, akisimama pale aliposimama Duane. Ufunguo wa baba umerudishwa. Nimeupachika kwenye msumari bandani, juu ya kanuni yake. Wanachama wamekuja mmoja mmoja kunipa mkono. Vern alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Profesa. Ulimwambia. Sote tulikusikia." Kila mtu anasema hivyo, tangu dukani kwa Lyle mpaka kanisani: ulimwambia. Nimekuwa mtu mwema kwa ushahidi wa mashahidi ishirini.

Juzi alikuja Charlene, mke wa Duane. Alileta bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililookwa kwa jibini juu, kama tunavyopelekeana hapa penye msiba. Mimi ndiye niliyepelekewa, Orrin, si yeye. Alikaa kwenye kiti cha mama. Alisema Duane anaota akiisikia sauti yangu pale uwanjani. Akasema, "Wewe pekee ulimwambia ukweli mbele ya macho. Wengine walimcheka na kumchekea. Nimekuja kukushukuru." Kisha akatoa ndani ya mfuko lile kopo na risasi zilizosalia ndani ya boksi, akaniomba nivimwage mimi, kwa kuwa yeye hathubutu kuvigusa, na Lyle amemwambia kwamba hapana anayejua pa kuvimwaga kuliko mimi. Nilimpa kahawa. Nilitambua nilichokuwa ninafanya kahawa ilipokuwa imekwisha kumiminwa.

Sasa naja kwenye lile ambalo barua hii imeandikwa kwa ajili yake.

Nilijua namna ya kumwonya Duane Stroup ili asikie. Nilikwisha kuiona kwa macho yangu. Misimu miwili kabla ya hapo skrubu za darubini ya bunduki yake zililegea, naye alikuwa karibu kufyatua. Lyle alimshika kiwiko, akamvuta nyuma ya pikapu, akamnong'oneza maneno mawili. Duane alifungasha akaenda nyumbani bila ubishi, na kesho yake alimletea Lyle pai. Mtu yule hawezi kuambiwa mbele ya watu. Hawezi kuambiwa na mwanamke. Na zaidi ya yote hawezi kuambiwa na mtu wa jina letu. Haya yote nilikuwa nayo kichwani kama ninavyokuwa na jedwali la baruti. Jumamosi ile Lyle alikuwa anakwenda kumshika kiwiko. Mkono uliomzuia ni wangu.

Nami nilichagua. Nilijua kwamba nikimtaja baba, Duane hatarudi nyuma. Nilijua kwamba nikitaja majani, hatarudi nyuma kabisa. Nilijua kwamba neno "mwanamke" litalifunga boksi lile kwa kufuli. Niliyapima maneno kama baba alivyokuwa akipima baruti, punje kwa punje, nikiongeza mpaka mizani ikae sawa: yawe ya kweli yote, yawe kamili, asiweze mtu kusema baadaye kwamba nilificha kitu, na yasiweze kutumika. Nilimpa ukweli wote katika chombo ambacho nilijua hawezi kunywa kutoka humo.

Na si hilo tu. Hasira ya dakika moja ungeweza kuniombea. Siku tatu kabla ya Duane kupanda mlimani, Charlene alinikuta kwenye karamu ya samaki ya kanisa, tukiwa tumesimama na sahani. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "Duane anasema mlitupiana maneno uwanjani. Kuna jambo nipaswalo kulijua, Thea?" Charlene ndiye anayeweka kila kitu katika nyumba ile. Angelichukua boksi lile kimyakimya kutoka kwenye pikapu, na Duane angedhani amelisahau. Nilimjibu, "Nimekwisha kumwambia kila ninachokijua." Ilikuwa kweli. Kisha nikamsifia keki yake.

Usiniandikie kwamba nimejutia, ili unisamehe kwa urahisi. Sijajutia. Nilipopewa habari kwamba amepasukiwa, niliketi bandani, nikaiangalia kanuni ya baba kwenye meza, na kifua changu kikawa chepesi kama hakijawahi kuwa tangu tulipomzika. Nilipolipokea bakuli la Charlene, wepesi huo haukwisha. Ulibadilika tu, na bado sijapata jina la ulichobadilika kuwa. Nakueleza kama ninavyokueleza tarakimu: hivi ndivyo ilivyosomeka.

Najua utakavyonijibu, kwa kuwa nimekwisha kujijibu hivyo. Utasema, huenda asingesikia hata kwa mnong'ono wa Lyle. Zawadi ya kasi ilikuwa imekwisha kumlevya. Yawezekana. Lilikuwa jaribio lisilo na boksi la pili la kulinganishia. Baruti mbili huweza kulinganishwa, asubuhi moja, kwa mtutu mmoja. Duane mmoja hawezi kufyatuliwa mara mbili. Utasema pia kwamba bila jicho lake jina la baba lisingerudi, na kwamba mkono ule mvivu ungeendelea kuchanganya makopo. Hilo nalo ni kweli. Nimezungukwa na kweli kila upande, Orrin, na hakuna hata moja inayonipa nafasi ya kukaa.

Kwa hiyo usiisimulie habari yangu Krismasi, na jarida lipate habari nyingine. Kopo la Duane bado liko hapa, limefungwa, pamoja na zile risasi, ndani ya ndoo nje ya banda, na mezani hapana kitu. Theluji imefunika nyasi. Itakapoyeyuka nitalimwaga pale palipomwagwa la baba, kwa kuwa ndiyo desturi na hakuna mahali pengine. Kiraka kitakuwa kijani maradufu, na watu watakaopita watasema nyumba ya Brekke ina nyasi nzuri.

Msalimie sana Beverly. Wabusu watoto, uwaambie soksi zao nimezimaliza, zinakuja kwa posta na jamu ya matunda ya porini. Nils asipewe mtungi mzima mikononi. Wasalimie pia wazee wa usharika wako, uwaambie dada yako ni mzima. Ukipata nafasi kabla ya baridi kukaza, njoo. Chumba chako kina blanketi mpya, na kahawa ni ileile ya mama.

Swali langu nimeliweka mwisho, kwa kuwa baada yake sina la kuandika. Wote waliokuwa uwanjani walipima kilichotoka mdomoni mwangu, na walikipima sawasawa: kilikuwa kweli tupu, nacho kilimfikia mtu aliyekuwa na hiari ya kukipokea, akakikataa. Lililokuwa nyuma yake hawakuliona, wala halina mashine ya kulisoma. Wewe uliyesomea mambo yasiyoonekana niambie, mdogo wangu: neno likitoka likiwa kweli, je, shinikizo lililolisukuma linahesabiwa?

Ni mimi dada yako akupendaye,

Thea Brekke